Alabama Niliyojifunza Nikiwa Bellevue

Kwanza naomba mnisamehe kwa tahajia na kwa mwandiko. Nilisoma shule ya msingi kambini, Kigoma, na darasani tulikuwa wengi kuliko madawati, kwa hiyo kuandika nilijifunzia juu ya goti. Mpaka leo herufi zangu zinaegemea upande mmoja. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua Jumapili nzima, kwa sababu kila baada ya mistari michache nainuka, naenda dirishani, narudi, nakuta nimesahau nilichotaka kusema. Atakayechapa maandishi haya anaweza kurekebisha herufi, lakini maneno namwomba ayaache.

Nataka kueleza jinsi nilivyoijua Alabama, jimbo la kusini mwa Marekani ambako sijawahi kufika, na jinsi kuijua huko kulivyotuponza mimi na mama yangu.

Sisi ni Warundi. Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka minne, mgongoni kwa mama. Nilikulia kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ninayoiota, na Kirundi changu ni cha kusalimia tu. Dada yangu mdogo alizaliwa kambini, baba akafia kambini kwa homa, na baadaye sisi watatu tukashuka kusini mpaka Johannesburg. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alibaki nyuma, kisha akachukuliwa kutoka kambini kupelekwa Marekani. Alipofika akajaza fomu ya kuomba tumfuate. Jina la jimbo lake nililisikia kwanza kwenye simu yenye mikwaruzo, nikadhani ni jina la mtaa.

Hapa Johannesburg tulikuwa tunaishi Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Chetu ndicho kilichokuwa sebule, kwa hiyo tuna dirisha kubwa na sehemu ya kuwashia moto isiyowashwa. Ndani yake mama alikuwa anapanga chupa za mawese alizouza sokoni Yeoville. Mimi nafanya kazi Doornfontein, kwenye karakana ya Mtanzania mmoja wa Tanga anayetengeneza mabegi. Wafanyabiashara wanaokuja kununua mizigo mjini wanatuletea masanduku yaliyovunjika magurudumu na mabegi yaliyopasuka. Kazi yangu ni zipu. Inamfaa mtu asiyependa kuongea, maana mteja anaonyesha tu kwa kidole palipogoma.

Siku moja mjomba alimpa mtu aliyekuwa anakuja Johannesburg jozi ya viatu vya shule vya dada yangu. Ili visibonyee njiani, alivijaza makaratasi. Dada yangu alivaa viatu, akatembea navyo chumbani huku akiangalia miguu yake, na mimi nikaokota makaratasi. Yalikuwa vipeperushi vya watalii, vile vinavyogawiwa bure huko kwao kwenye vituo vya kupumzikia kando ya barabara kuu. Nilivinyoosha kimoja kimoja kwa kiganja, nikavilaza chini ya godoro vikae sawa.

Kiingereza changu ni kidogo. Dada yangu alikuwa anasoma shule hapa, Kiingereza anacho, na Kizulu pia. Kiswahili ndicho kinampa taabu. Basi tulikuwa tunakaa kitandani asubuhi za Jumamosi, yeye anasoma, mimi namsaidia kupata neno.

"Huyu hapa mtu mkubwa ya chuma," alisema. "Yuko juu ya mlima, kwa Birmingham. Ni fundi ya kupiga chuma. Eish, kaka, huyu mtu hajavaa nguo nyuma."

"Soma vizuri."

"Nasoma vizuri. Mbele ana aproni. Nyuma hakuna kitu. Makalio yote nje, anaonyesha watu ya upande ule mwingine."

Mama aligeuka kutoka kwenye chupa zake akaomba aone picha. Aliiangalia sana. "Na watu wazima wanalipa nauli kwenda kuona hiki," akasema, akaendelea na kazi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilijua kwamba Birmingham ulikuwa mji wa chuma na makaa, na matanuri yake ya kale yamezimwa lakini hayakubomolewa, watu wanaingia kuyatazama yakiwa na kutu. Nilishangaa. Hapa kwetu machimbo ya dhahabu yameacha vilima vya mchanga wa njano, upepo ukivuma tunautafuna, na sijawahi kumwona mtu amesimama kuvipiga picha. Nilijua kuna mji mdogo ambako katikati ya barabara wamesimamisha sanamu ya mwanamke aliyenyanyua mdudu juu ya kichwa. Mdudu huyo alikula pamba yao yote, wakalazimika kupanda karanga, karanga zikawatajirisha, wakaona wamshukuru. Nilijua pango lenye mlango mpana ambao lori lingeweza kuingia. Nilijua meli ya vita iliyostaafu, imefungwa ghubani, watoto wanapanda kuchungulia mizinga. Nilijua daraja la Selma, ambako watu weusi walipigwa walipokuwa wanaandamana kudai kura, na sasa wajukuu wao wanalivuka taratibu wakisimama katikati. Na kulikuwa na duka, hilo niliulizia mara tatu kama dada yangu amelisoma sawa, duka kubwa linalouza vitu vya mabegi yaliyopotea kwenye viwanja vya ndege, na watalii wanakwenda kulitembelea. Niliwaza ni nani anayefungua zipu za mabegi yale wakati hakuna ufunguo.

Kilichonikaa zaidi kilikuwa kipeperushi cha Montgomery. Picha ilipigwa kutoka kwenye ngazi nyeupe za jengo la serikali. Ukisimama pale unaona barabara pana inashuka, na kando yake kanisa la matofali mekundu. Sijui kwa nini picha ile ilinituliza. Mimi ni mtu nisiyetulia. Mama husema nilizaliwa nikitikisa mguu. Lakini pale kwenye ngazi nilikuwa naweza kukaa kichwani kwangu hata dakika kumi.

Mpaka hapo ilikuwa mchezo tu. Kisha ujumbe ukaja kwenye simu ya mama kwamba tumepangiwa mahojiano Pretoria, wiki saba mbele. Mahojiano yale ndiyo yanaamua kama mtu anakwenda au anabaki. Tulikuwa tumesubiri kwa miaka.

Chumba cha uani anakaa kinyozi mmoja Mkongo, mtu mzima, wote tunamwita Papa. Kiti chake cha kunyolea kiko chini ya mwavuli kandokando ya barabara, na habari zote za wakimbizi hupita pale kabla ya kufika ofisini. Alinishika kichwa, mashine ikiwa sikioni, akaniambia:

"Petit, sikia. Bale batu ya ofisi beko wajanja. Beko na jua kama batu banatunga bandugu ya uongo. Ile mjomba yako, batakuuliza: anaishi wapi? Kule iko nini? Mlima gani? Mto gani? Kama haujui, banasema: mjomba ya namna gani hii, hata hajakuambia kwake kunafanana je?"

Nilimuuliza alijuaje.

"Iko familia moja ilikatazwa. Mtoto alisema 'sikumbuki, sikumbuki' kwa kila kitu. Ile neno sikumbuki, uitupe. Inaharibu faili kuliko uongo."

Sikushangaa. Foleni zote nilizosimama toka utoto zilikuwa na mtu anayejua kitakachoulizwa. Kambini tulifundishana majibu kama wenzetu wanavyofundishana nyimbo, na waliosoma majibu walipita, na waliopita hawakurudi kutuambia kama majibu ndiyo yaliyowapitisha.

Nikarudi nyumbani nikatoa vipeperushi chini ya godoro, na safari hii haikuwa kwa furaha. Nilivikariri. Nilikariri nikishona, nikivuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikioga. Bosi wangu aliniuliza nasali au naongea na cherehani. Jumapili baada ya kanisa niliwakalisha mama na dada, tukahojiana. Dada yangu alijipa kazi ya uofisa, akashika rula.

"Mama, mdudu iko mji gani?"

"Mdudu gani tena?"

"Ya pamba, Mama. Tumesoma jana."

"Mimi nilivuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni," mama akasema, "leo nizuiwe njiani na mdudu wa pamba?"

"Jibu swali."

"Na wewe ondoa rula yako usoni kwangu."

Tulimpigia mjomba ili atusaidie. Sura yake ilikuja kwenye simu, ina kofia ya wavu kichwani. Anafanya kazi kiwanda cha kuku. Nilimuuliza amemwona mtu wa chuma kutoka upande gani, wa mbele au wa nyuma.

"Mtu gani, mjomba?"

"Wa Birmingham. Na daraja la Selma liko mbali na kwako? Na lile duka la mabegi?"

Alicheka mpaka picha ikatikisika. "Mjomba, mimi naingia kiwandani hakujapambazuka, natoka miguu imevimba. Chuma ninachokijua ni kisu. Makaratasi yale niliyachukua tu kwa sababu yalikuwa ya bure na viatu vilikuwa vinabonyea."

"Basi hujaona chochote?"

"Nimeona kuku."

Mama aliniangalia, nami nikaangalia pembeni. Lakini sikuacha. Nilijiambia kwamba kama mjomba hajui, basi ni lazima mimi nijue kwa niaba yake, la sivyo watamwona yeye ndiye mwongo.

Siku ya mahojiano tuliamka mapema tukavaa nguo za kanisani. Waliwaita mama na dada chumba kimoja, mimi, kwa kuwa nilishakuwa mtu mzima, chumba kingine. Nilipewa kiti kisichosogea. Ofisa alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kando yake mkalimani mwenye Kiswahili cha pwani ya Kenya, kizuri mpaka kilinitia aibu. Waliuliza jina, tarehe, jina la baba. Nilijibu. Mguu wangu ulikuwa unatikisika chini ya meza, nikaushika kwa mkono. Nilikuwa nimejaa mpaka shingoni: mtu wa chuma, mdudu, pango, meli. Nilisubiri swali.

Mkalimani akasema, "Anauliza kuhusu mahali ulipozaliwa. Anasema, ukitoka nje ya nyumba yenu, ukisimama mlangoni, waona nini?"

Nikadhani anamaanisha nyumba ya mjomba.

"La," mkalimani akasema. "Kwenu. Burundi."

Sikuwa na kitu. Kila nilipomuuliza mama kuhusu kwetu, toka nikiwa mtoto, alijibu maneno yale yale, "Kule hakuna kitu," na anaanza kufagia hata kama pamefagiwa. Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na neno hilo ndilo Papa aliniambia nilitupe. Ofisa alisubiri. Alikuwa na subira, na subira yake ndiyo ilinichanganya; laiti angegomba ningenyamaza. Nilifungua mdomo ili kinywa kisiwe kitupu.

"Kuna barabara pana inashuka," nikasema. "Kuna kanisa. La matofali mekundu."

"Karibu na nyumba?"

"Ndiyo. Ukisimama kwenye ngazi unaliona."

"Ngazi za nini?"

"Za ofisi ya serikali."

Ofisa aliandika. Aliuliza kama ofisi ilikuwa kubwa, nikasema kubwa, nyeupe. Nilisikia sauti yangu inasema yote haya kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao maishani. Kuhusu Alabama hakuuliza hata neno moja.

Kwenye basi la kurudi mama alikuwa mwepesi. Alinunua machungwa, akamenya. "Maswali ya kawaida tu," akasema. "Wameuliza nyumba ilikuwaje, tulipanda nini. Wewe je?"

"Hayo hayo," nikasema.

Wiki zilizofuata sikuweza kukaa. Nilikuwa natembea Bellevue mpaka Yeoville na kurudi bila kununua kitu. Karakanani nilishona zipu kichwa chini miguu juu, mteja akalirudisha begi, bosi akaniuliza kama nina mchumba. Kila simu ya mama ilipolia nilitoka nje. Nilitaka kumwambia. Nilianza mara nyingi, nikaishia kuuliza kama kuna chumvi. Nilikuwa najipa moyo kwamba labda ofisa na ofisa hawaonyeshani walichoandika.

Barua ilikuja. Dada yangu ndiye aliyeisoma, amesimama katikati ya chumba na viatu vya mjomba miguuni.

"Wanasema majibu ya familia hayafanani. Kuhusu mahali pa kuishi zamani. Faili ya wote watatu imesimama. Kaka anaitwa tena, peke yake."

"Hayafanani vipi?" mama akasema. "Mimi nimesema ukweli mtupu."

Nikamwambia. Nilimweleza nikiangalia chupa za mawese. Nilitegemea apige kelele, na ningefurahi angepiga.

"Kanisa gani?" aliuliza.

"La Montgomery. Lile la kwenye karatasi."

Alikaa kitandani. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi, "pale hata barabara haikuwepo." Kisha akavaa viatu vyake vya sokoni, akachukua kitenge. "Twende. Kama huwezi kukaa, tutatembea."

Tulizunguka mitaa ya Bellevue, jua la alasiri, watu wameanika nguo kwenye nyuzi. Mama anatembea haraka kuliko mimi. Alizungumza akiangalia mbele, kama anayeeleza njia kwa mgeni.

Alisema nyumba ilikuwa kwenye mteremko, kusini, upande wa ziwa, chini ya Rumonge. Pembeni kulikuwa na michikichi, na shimo walilokuwa wanakamulia mawese. Ndiyo maana akinusa chupa anajua kama imechanganywa. Kulikuwa na kijito kinachovukwa juu ya gogo moja. Kulikuwa na jiwe pana ambalo wanawake walianikia mihogo, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na ugomvi wake. Ziwa lilionekana asubuhi tu, likimeta kama bati jipya, kisha ukungu unalifunika. Na kwa jirani kulikuwa na lori bovu lisilo na magurudumu, limeota majani, watoto wanacheza ndani.

"Wewe ulikuwa dereva," mama akasema. "Hukubali mwingine ashike usukani. Ulikuwa unawapigia honi kuku."

Nilijaribu kulikumbuka. Nilitafuta mikono yangu midogo kwenye usukani. Hakukuwa na kitu.

"Kwa nini ulikuwa unasema hakuna kitu?"

"Nisingesema hivyo ungeanza kulilia kwetu, na mimi ningekubebea nini?"

Tulifika kwenye robot, ikawa nyekundu. Nilimuuliza siku ya kuondoka ilikuwaje, na baba alisimama wapi. Aliangalia magari. Taa ilipobadilika akasema, "Tuvuke," na toka hapo mpaka nyumbani aliongelea bei ya dagaa.

Kabla sijarudi Pretoria alinikaririsha. Michikichi, gogo, jiwe, ziwa, lori. Dada yangu alitaka kushika rula, mama akamkatalia. Nilikuwa nayajua yote. Papa naye aliniita kitini bila malipo, akasema, "Sasa useme kama mama. Neno kwa neno. Usiongeze hata kuku."

Ofisa alikuwa yule yule, na mkalimani yule yule. Faili langu lilikuwa mezani, limefunguliwa. Aliuliza lile lile: ukisimama mlangoni, waona nini.

Nilikuwa na lori mdomoni. Nataka mjue hivyo, kwa sababu watu wananiuliza kama niliogopa, na sikuogopa kiasi kile. Lilikuwa tayari kabisa, na majani yake, na usukani. Lilikuwa la kweli, lilikuwepo, na lilikuwa langu. Lakini lilinijia vile vile kama lile kanisa lilivyonijia, kutoka nje ya kumbukumbu yangu, na nikajua nikilitoa nitalisema kwa ile sauti tulivu.

"Sikumbuki," nikasema. "Niliondoka na miaka minne."

Mkalimani alitafsiri. Ofisa aliuliza, basi kanisa na ngazi zilitoka wapi. Nikatoa kipeperushi mfukoni, nikakiweka mezani. Kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo. Alivaa miwani, akakigeuza, akasoma mbele na nyuma.

"Anauliza kwa nini."

"Tuliambiwa mtauliza tunakokwenda. Nilijifunza. Mlipouliza tulikotoka sikuwa na kitu, nikasema nilichokuwa nacho."

Mkalimani aliinamisha kichwa, sijui alikuwa anacheka. Ofisa hakucheka. Alisema maneno machache.

"Anasema yeye mwenyewe hajawahi kufika Alabama."

Akaniuliza kama mama amewahi kunieleza nyumbani. Nikasema ndiyo, juzi, tukitembea, lakini hayo ni ya mama na ameshawaambia mwenyewe. Aliandika muda mrefu. Mwisho akasema ataandika kila kitu kama nilivyosema, ila anayeamua si yeye.

Mama alikuwa ananisubiri kituoni. Hakunisalimia hata. "Ulisema lori?"

"Sikusema."

"Hata jiwe?"

"Hata jiwe. Sikulikumbuka, Mama."

Alitembea hatua kadhaa mbele yangu. Mbele ya duka la spaza alisimama akanunua mkate, akaukata vipande viwili palepale na kunipa kimoja, akasema, "Kula. Umekonda kwa ajili ya makanisa ya watu."

Barua ya pili ilikuja baada ya miezi. Mama na dada wameruhusiwa. Faili langu limetenganishwa, linaangaliwa bado, nisubiri. Mama alisema haendi. Alisema hivyo siku nne, kila siku kwa sababu mpya. Siku ya tano nilileta sanduku kubwa kutoka karakana, la mteja aliyelitelekeza, bosi alinipa. Nilibadilisha zipu zote, nikashona kona, nikaliweka kitandani kwake likiwa wazi. Nikamwambia, na sijui kama nimewahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja, kwamba dada yangu ana miaka kumi na miwili, na faili likifungwa hakuna wa kulifungua, na kosa lilikuwa langu, na sitaki likae juu ya mtoto. Alisikiliza. Kisha akaanza kukunja vitenge.

Wameondoka. Sasa ni miezi mitano. Mama anakata kuku pamoja na mjomba na anasema baridi ya mle ndani inaingia kwenye meno. Hajaona kitu chochote cha kwenye vipeperushi. Dada yangu alipelekwa na shule kwenye lile pango, akanitumia ujumbe kwamba ni giza na walimu wanapiga kelele. Jibu la faili langu halijaja. Naangalia simu nikiamka, naangalia nikishona, naangalia sasa hivi nikiandika sentensi hii. Kuna siku najuta lile lori. Wengine wanaweza kuniambia kwamba ningelisema tu, nami nawaambia tu kwamba nikifika kule nataka nifike mimi.

Sasa nina ombi. Kama kati yenu mnaosoma kuna aliyetoka kusini mwa Burundi, kando ya ziwa, chini ya Rumonge, naomba aniandikie kupitia kwa waliochapa maandishi haya. Sitaki mniandikie vita. Hayo nitayasikia siku mama atakapotaka. Niandikieni vilivyokuwa vinaonekana. Kama kulikuwa na duka, lilipakwa rangi gani. Kama kulikuwa na kisima, watu walikishukia upande upi. Hata kama si kilima chetu, hata kama ni kitu kidogo ambacho mtalii asingesimama kukitazama. Sitavipeleka ofisini, huko nimeshasema sikumbuki na itabaki hivyo. Nitavisoma hapa dirishani, kimoja kimoja, na kila barua nitaijibu.